Jina la Gemma: Asili Yake, na Namna Lilivyofika Ugogo

Katika kuvipitia vitabu vya ubatizo vya upande wa Dodoma na Kondoa, tumeliona mara nyingi jina moja la kike lililoandikwa kwa namna tatu: Gemma, Gema, na Jema. Pengine ni mtu mmoja yule yule: padre alimwandika Gemma alipobatizwa, mwalimu akamwandika Gema alipoingia shule, na karani akamwandika Jema siku ya ndoa. Watu husema, "Ni jina la Kizungu tu," wakaliacha hapo. Walakini jina hili lina asili yake na habari zake, na mtu azijuaye ataona ya kuwa si geni kwa desturi zetu kama lidhaniwavyo.

Twataka kulieleza kwa sababu ya jambo tulilolishuhudia sisi wenyewe. Katika shule moja ya shamba mwalimu mpya alikuwa akiita majina asubuhi. Alipofika kwa msichana mmoja alisoma kama herufi za Kiswahili zilivyo: "Gema!" Wavulana waliokaa nyuma wakaitikia kwa sauti moja, "Tembo!" Darasa zima likacheka. Kwa maana kugema, kama kila mtu ajuavyo, ni kuukata mnazi ili kupata tembo. Na watu wa Iringa huigema mianzi wapate ulanzi. Tangu siku ile msichana yule aliitwa Mgema. Alirudi nyumbani akilia, akataka abadilishiwe jina. Bibi yake akatuambia, "Mimi nilimpa jina la Sechelela siku alipozaliwa. Mkasema si jina la mtakatifu, halifai kuandikwa. Haya, jina la mtakatifu ndilo hili linalomliza."

Sechelela ni neno la Kigogo, maana yake ni furahi, shangilia. Hatukuwa na jibu la upesi la kumpa bibi yule. Tukaenda tukatafuta habari za jina la Gemma tangu mwanzo wake, na tuliyoyaona ndiyo haya tunayowaletea walimu na mapadre wenzetu.

I. Maana ya neno lenyewe

Gemma ni neno la Kilatini lenye maana mbili. Maana moja ni jicho la mmea, yaani pale pavimbapo katika tawi kabla ya jani au ua kuchipuka, na hasa jicho la mzabibu. Maana ya pili ni kito, yaani jiwe la thamani. Warumi wenyewe waliulizana ni maana gani iliyotangulia. Cicero, aliyeishi tangu mwaka 106 hata mwaka 43 kabla ya Kristo, aliona ya kuwa wakulima wasemapo mzabibu unatoa vito husema kwa mfano. Na Quintilian, aliyemfuata baada ya miaka mia na zaidi, alisema ya kuwa wakulima waliliazima neno hilo kwa kukosa jingine. Wataalamu wa lugha wa siku hizi husema kinyume chake: jicho la mmea ndilo la kwanza, na kito kiliitwa hivyo baadaye, kwa kuwa ni cha mviringo, kimevimba na kung'aa kama jicho la tawi lililo karibu kupasuka. Neno hili huliweka katika jamaa moja na neno la Kisanskriti lenye maana ya jino, na neno la Kiyunani lenye maana ya kigingi. Vyote ni vitu vinavyotokeza, kama jino litokavyo katika ufizi.

Basi, waliolianzisha jina hili si wenye dhahabu, bali ni wakulima wa zabibu. Mwalimu wa Dodoma hahitaji kwenda mbali ili awaonyeshe watoto maana yake. Wamisionari wa Kikatoliki waliipanda mizabibu huko Bihawana, na tangu hapo kilimo hicho kimeenea Ugogo, hata leo Dodoma yajulikana kwa zabibu zake katika Tanzania yote. Nchi hii ni kavu, mvua yake ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili. Lakini mzabibu hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mkulima huukata matawi mpaka abaki na vijiti vikavu, na mgeni apitaye hudhani shamba limekufa. Baada ya siku chache macho huvimba katika vile vijiti, yakapasuka, majani yakatoka, na maua nyuma yake. Hilo jicho ndilo gemma.

Na kwa habari ya maana ya pili, Waswahili pia wana majina yaliyotoka katika vito. Johari ni jina la mwanamke, na maana yake ni kito. Neno lilitoka Uajemi, likapita kwa Waarabu, likafika pwani yetu. Lulu ni jina la mwanamke. Almasi, Feruzi na Marijani ni majina ya wanaume. Hata katika majina ya watakatifu limo moja la namna hii ambalo limezoewa zamani: Margareta, kwa Kiyunani, maana yake ni lulu. Mama wa pwani amwitaye binti yake Johari, na mama wa Italia amwitaye wake Gemma, wamesema neno moja kwa lugha mbili.

II. Jina katika Italia ya kale

Tukiwaza majina ya Waitalia, twafikiri yote ni ya watakatifu. Sivyo yalivyokuwa zamani. Watu wa Toscana, nchi yenye miji ya Firenze, Pisa na Lucca, katika karne ya 12 na ya 13 waliwapa watoto wao majina ya heri na ya kuwaombea mema. Mmoja aliitwa Benvenuto, yaani umekuja vema. Mwingine Bonaventura, yaani bahati njema. Mwingine Diamante, yaani almasi. Wengine waliitwa kwa sentensi nzima: fundi aliyeanza kuijenga nyumba ya ubatizo ya Pisa mwaka 1152 jina lake ni Diotisalvi, maana yake, Mungu akuokoe. Msomaji atayakumbuka majina yetu wenyewe: Siwema, Zawadi, Subira, Mashaka, Furaha. Wazazi wa Toscana na wazazi wa huku waliziona siku za kuzaliwa kwa jicho moja. Jina lilikuwa dua, au shukrani, au kumbukumbu.

Gemma ni mmoja katika majina hayo ya heri. Mwanamke mashuhuri wa kwanza kuitwa hivyo ni Gemma Donati wa Firenze. Mapatano ya posa yake yaliandikwa mwaka 1277, naye alikuwa mtoto bado, na mchumba wake vivyo hivyo, kwa kuwa alizaliwa mwaka 1265. Mchumba huyo ni Dante Alighieri, aliyekuwa baadaye mshairi mkuu wa Waitalia wote. Walizaa watoto, nao ni Pietro, Jacopo na Antonia. Mwaka 1302 Dante alifukuzwa katika mji wake kwa sababu ya fitina za siasa, asirudi tena, akafa Ravenna mwaka 1321. Ni ajabu ya kuwa mtu huyu, aliyewataja wanawake wengi katika maandiko yake, hakumtaja mkewe hata mara moja. Jina la Gemma twalijua kwa hati za mji, si kwa mashairi ya mumewe.

Katika karne ya 15 alikuwako mtawa mmoja huko Goriano Sicoli, katika milima ya Abruzzi, jina lake Gemma, ambaye watu wa vijiji vile walimheshimu kuwa mtakatifu. Lakini heshima hiyo ilikuwa ya mahali pale tu. Baba Mtakatifu Leo XIII aliithibitisha mwaka 1890, na kabla ya hapo watu wa mbali hawakuwa na habari zake.

Wakati huo desturi ya majina ilikuwa imekwisha kubadilika. Baada ya Mtaguso wa Trento, Katekisimu ya Roma iliyotolewa mwaka 1566 iliagiza ya kuwa mtoto apewe jina la mtakatifu, ili awe na mfano wa kufuata na mwombezi mbinguni. Na kitabu cha ibada cha mwaka 1614 kikalitia nguvu agizo hilo. Majina ya heri ya zamani yakafifia. Mengine yaliokoka kwa sababu mtakatifu fulani alikuwa nayo, kama Bonaventura. Mengine yakasahauliwa kabisa. Gemma lilibaki kati ya mawili: lilipendwa kwa uzuri wake, lakini halikuwa na mtakatifu aliyejulikana kotekote. Mwaka 1834 lilisikika tena sana, kwa kuwa mtunzi Donizetti alitoa huko Milano mchezo wa kuimba uitwao kwa jina la mwanamke, Gemma di Vergy. Lakini jina la mchezo si jina la mtakatifu. Na hapa ndipo tufikapo penye shina la habari yetu.

III. Mama aliyeogopa jina

Tarehe 12 Machi, 1878, huko Borgonuovo di Camigliano, kijiji kilicho karibu na Lucca, alizaliwa mtoto wa kike katika nyumba ya Enrico Galgani, mtengenezaji wa dawa. Ndugu wa baba, aliyekuwa tabibu wa jeshi, alichagua jina: Gemma. Baba alikubali. Mama, Aurelia, alisita. Alikuwa mtu wa sala sana, akaona moyoni ya kuwa binti yake hana mtakatifu katika jina lake. Je, atafikaje mbinguni mtu asiye na mwombezi wa jina lake? Padre mmoja wa karibu alipomwona ana wasiwasi alimtuliza. Alimwambia ya kuwa mbinguni mna vito vingi, nasi tutumaini ya kuwa huyu naye atakuwa kimoja. Mama akatulia, na siku ya pili mtoto akabatizwa kwa jina hilo.

Twaomba wasomaji wafikiri hapa kidogo. Padre yule angaliweza kusema, "Jina hili si la mtakatifu, tafuteni jingine." Agizo la Katekisimu lilikuwa upande wake. Hakusema hivyo. Aliligeuza neno la kale la wakulima likawa sala, akamwachia Mungu yaliyosalia.

Maisha ya mtoto yule yalikuwa mafupi na ya taabu nyingi. Mama yake alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1886, naye ana miaka minane. Kaka yake Gino, aliyekuwa akisomea upadre, alikufa mwaka 1894. Baba alikufa mwaka 1897, hali mali yote imekwisha, na wadai wakaingia nyumbani. Gemma mwenyewe aliugua sana, akapona. Tarehe 8 Juni, 1899, alipata madonda ya Bwana mikononi, miguuni na ubavuni. Mwaka huo huo mapadre Wapasionisti walikuja kuhubiri katika kanisa kuu la Lucca. Ndivyo alivyolijua shirika lao, nalo lilimjua yeye. Watu wa jamaa ya Giannini walimpokea nyumbani mwao, akakaa nao akifanya kazi za nyumba. Alitamani kuwa mtawa wa Kipasionisti, lakini hakupokelewa, kwa kuwa mwili wake ulikuwa dhaifu. Alikufa tarehe 11 Aprili, 1903, Jumamosi Kuu, akiwa na miaka 25.

Padre Germano, Mpasionisti aliyekuwa kiongozi wake wa roho, aliandika habari za maisha yake, na kitabu kilitoka mwaka 1907, kikasomwa katika nchi nyingi. Baba Mtakatifu Pio XI alimtangaza Mwenye Heri tarehe 14 Mei, 1933. Na Pio XII alimtangaza Mtakatifu tarehe 2 Mei, 1940. Tangu siku hiyo hakuna mama awezaye kusema ya kuwa jina la Gemma halina mtakatifu wa kujulikana. Aliyelifanya kuwa la mtakatifu ni yule yule mtoto ambaye mama yake aliliogopa.

IV. Namna jina lilivyofika nyanda za kati

Wamisionari hawakufika Ugogo kwa mara ya kwanza na Wapasionisti. Waanglikana wa chama cha CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876, nao waliwapa Wakristo wao majina kwa njia ya Biblia ya Kiswahili: Yohana, Danieli, Raheli, Debora. Wakatoliki wa kwanza walihudumiwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu waliotoka upande wa Bagamoyo. Mwaka 1935 nchi ya Dodoma ilifanywa eneo la kanisa peke yake, ikakabidhiwa Wapasionisti wa Italia. Mwaka 1953 ikawa jimbo; mwaka 2011 upande wa Kondoa ukatengwa ukawa jimbo lake; na mwaka 2014 Dodoma ikawa jimbo kuu.

Tuilinganishe miaka. Gemma alitangazwa Mwenye Heri mwaka 1933. Wapasionisti walikabidhiwa Dodoma mwaka 1935. Mapadre wale walikuja na jina ambalo wino wake haujakauka. Kwao Gemma hakuwa mtu wa vitabu vya kale. Alikuwa msichana wa juzi, ambaye padre wa shirika lao wenyewe alimwongoza. Tena alipotangazwa Mtakatifu, mwezi wa Mei 1940, furaha yao haikudumu siku arobaini: tarehe 10 Juni Italia iliingia vitani, na Waitalia waliokuwa katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza wakahesabiwa kuwa watu wa taifa adui. Msichana mgonjwa, yatima, aliyekataliwa utawani, alikuwa mtakatifu wa kuwafaa watu waliokuwa katika hali kama hiyo.

Kwa hiyo si ajabu ya kuwa jina lake lilipandwa hapa kuliko mahali pengine. Masista wa Kiafrika wa Dodoma waliwekwa chini ya jina la Mtakatifu Gemma Galgani. Na huko Miyuji, katika mji wa Dodoma, iko hospitali iitwayo kwa jina lake. Mtu wa Dodoma leo asemapo, "Nimetoka Gemma," pengine hamtaji mtu, ataja hospitali.

Lakini liko jambo jingine tunaloliona ni kubwa zaidi. Wasichana wa kwanza walioitwa Gemma walipewa jina hilo na padre au katekista. Wamekua, wamezaa, wamekuwa mabibi. Na kwa desturi ya watu wa nchi hii, kama kwa makabila mengi, mjukuu hupewa jina la bibi yake, ili jina lisipotee katika ukoo. Basi, mtoto azaliwaye leo akaitwa Gemma, mara nyingi haitwi hivyo kwa ajili ya Lucca. Aitwa kwa ajili ya mama wa baba yake, aliyelima mtama na uwele huko kijijini na kuzikwa huko. Jina la Kilatini limekuwa jina la wahenga.

V. Kuliandika na kulitamka

Sasa turudi kwa mwalimu na daftari lake. Kwa nini jina moja lina sura tatu?

Warumi wa kale walilitamka kwa g nzito, kama katika neno letu gari. Baadaye katika vinywa vya Waitalia g iliyofuatwa na e ililainika, ikawa kama j yetu. Ndiyo maana padre wa Italia husema Jema, akiikaza kidogo m ya katikati. Aliandika kama kwao waandikavyo, Gemma. Mswahili akalisoma kama kwake waandikavyo, yaani kwa g nzito. Ni kichekesho cha historia ya kuwa wavulana wale wa shule, walipomcheka mwenzao, walikuwa wakilitamka jina lake karibu kama Cicero alivyolitamka.

Na zile m mbili zina taabu yake. Katika Kiswahili m mbele ya m ni silabi peke yake, kama katika mmea na mmoja. Kwa hiyo wengine husema Ge-m-ma, kwa silabi tatu, na mkazo wao juu ya m, jambo ambalo Mwitalia hangelitambua.

Kanisa la Kiswahili limekwisha kukutana na herufi hii katika majina mengine. Angela ameandikwa Anjela, na Genoveva ameandikwa Jenoveva, kwa kufuata sauti. Bali Gertrude ameandikwa Getruda, kwa g nzito, kwa kuwa wasemaji wa kwanza walilisikia kwa Wajerumani. Kanuni basi ni hii: fuata sauti ya wale waliolileta jina. Kwa kanuni hiyo Gemma lingeandikwa Jema. Nalo lingekuwa na maana nzuri, kama tusemavyo neno jema, jambo jema. Wazazi waliochagua sura hiyo hawakukosa, na hatuoni sababu ya kuwasahihisha.

Walakini kosa lililo baya kuliko yote ni kubadilisha katikati ya safari. Mtu ambaye cheti chake cha ubatizo chasema Gemma, na cha shule chasema Gema, huja kusumbuliwa ukubwani: apelekapo hati zake kwa ajili ya ndoa, au kazi, au urithi, huambiwa alete ushahidi wa kuwa watu hawa wawili ni mtu mmoja. Mwalimu aliyekosa herufi moja kwa dakika moja amempa mwenzake kazi ya siku nyingi. Kwa hiyo twashauri: jina lililoandikwa kwanza ndilo lifuatwe herufi kwa herufi, na kutamka kufuate desturi ya nyumbani kwa mtoto. Aliyeandikwa Gemma aandikwe Gemma, aitwe Jema. Na kabla ya kuita jina usilolijua mbele ya darasa, muulize mwenye jina, kwa sauti ndogo, "Wenyewe wakuitaje?"

VI. Jina la bibi

Limebaki neno la yule bibi, nalo ndilo zito. Je, ni kweli ya kuwa Sechelela halikufaa kuandikwa?

Wengi wetu tulifundishwa hivyo, nasi tuliwafundisha wengine. Lakini tuliposoma sheria zenyewe tuliona ya kuwa tulizidisha. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 761, iliwaagiza maparoko wajitahidi ili mbatizwa apewe jina la Kikristo. Na wasipoweza kuwashawishi wazazi, waliongeze jina la mtakatifu juu ya lile walilolichagua wazazi, na majina yote mawili yaandikwe kitabuni. Yote mawili. Haikusema jina la wazazi lifutwe. Na sheria ya mwaka 1983, kanuni ya 855, yataka jambo moja tu: wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo geni kwa moyo wa Kikristo. Haidai tena jina la mtakatifu. Neno lisemalo furahi, shangilia, si geni kwa moyo wa Kikristo. Mitume wenyewe waliwaandikia hivyo Wakristo wa kwanza.

Kwa hiyo bibi yule alidhulumiwa, hata kwa sheria ya zamani. Katekista aliyemkatalia hakuwa mtu mbaya. Alidhani anaitetea imani. Lakini tazameni: alilikataa jina la furaha, akaweka badala yake jina ambalo lenyewe lilikuwa karibu kukataliwa kwa sababu ile ile. Kama padre wa kule Lucca angalikuwa na ugumu wetu, mtoto wa Galgani angaliitwa jina jingine, na sisi hatungalikuwa na Gemma wa kumweka badala ya Sechelela.

Hatusemi ya kuwa majina ya watakatifu yaachwe. Ni hazina, nayo huunganisha mtoto wa Ugogo na ndugu zake wa nchi zote. Twasema tu ya kuwa jina halimfanyi mtu kuwa mtakatifu. Mtu hulifanya jina. Perpetua, Agata na Agnesi yalikuwa majina ya kawaida tu ya nyumbani, mpaka wenye majina hayo walipotoa maisha yao. Yako majina ya Kigogo, ya Kirangi, ya Kisandawe, ambayo bado yangoja wenyewe.

Tulirudi kwa yule bibi, tukamweleza habari za Aurelia na mashaka yake, na habari za jicho la mzabibu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huyo mama alikufa mtoto ana miaka mingapi?" Tukamwambia, minane. Akanyamaza kitambo, akasema, "Basi hakuliona jina lake lilivyokua." Kisha akaturuhusu kuendelea kumwita mjukuu wake Gemma, kwa sharti moja: lile la kwanza nalo liandikwe. Mwalimu ameyaandika yote mawili katika daftari lake, Gemma Sechelela; naye sasa, asubuhi, huita, "Jema!"

Twawaomba mapadre na walimu wasomao haya wafanye vivyo hivyo mahali walipo. Mzazi aletapo mtoto, kabla ya kufungua orodha ya watakatifu, na aulizwe kwanza: nyumbani mmemwitaje, na kwa nini? Jibu liandikwe. Kwa namna hii vitabu vyetu vitakuwa na majina mawili yenye maana, na kila moja litakuwa na mtu wa kulieleza.